Kiti Namba Kumi na Nne

Bahasha zilifika Jumatatu saa nne, wakati wa chai, na Msimamizi akazigawa kama anavyogawa uzi: bila salamu na bila kurudia.

"Namba tatu. Namba saba. Namba kumi na nne, Mama Kola, usinitolee macho, njoo uchukue yako."

Mama Kola aliipokea kwa vidole viwili, akaitia mfuko wa aproni, akarudi kwenye kikombe chake. Wenzake walikuwa wanazipasua palepale. "Salama salimini!" akapiga kelele Mama Vifungo, akaipunga barua yake juu ya meza ya kupigia pasi hadi msichana wa pasi akamwambia aangalie asije akaichoma. Kwenye karakana hiyo ya kushona mashati ya shule kila mtu aliitwa kwa anachoshona. Ndiyo maana Mama Kola alikuwa Mama Kola. Alikuwa amekalia kiti namba kumi na nne miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumrudishia kola hata moja. Mwenyewe alikuwa akisema mtoto akivaa shati lake, hata awe wa mwisho darasani, shingoni ni wa kwanza. Alijivuna, ndiyo. Lakini alijivunia kazi, na kazi yenyewe ilionekana.

Alisubiri wenzake warudi kwenye mashine, ndipo akaenda chooni, akafunga mlango kwa ile waya, akafungua bahasha. Barua ilikuwa fupi. Katika sampuli yako kimeonekana kirusi kinachoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi. Hii haina maana kwamba una saratani. Tafadhali fika kituo cha afya siku ya Alhamisi kwa uchunguzi zaidi.

Akaisoma tena, amejishika ukutani. Aliwaona watoto wake sita wamejipanga kuanzia mkubwa hadi mdogo. Akamwona marehemu mumewe. Halafu akakumbuka.

Haikuwa yake.

Sasa hapa nitasema ukweli, hata kama mwenyewe hautampendeza: alifurahi. Alifurahi kwa muda wa kunawa mikono, si zaidi. Alipofunga bomba alikuwa ameshakumbuka na jambo la pili, ni nani aliyelala kwenye kile kitanda cha kupimia badala yake, na furaha ile ikageuka aibu hadi akashindwa kujitazama kwenye kile kipande cha kioo.

Ilikuwa hivi. Karakana hiyo ina mtindo wake, unaitwa kukalia kiti. Mtoto wako akiumwa, au ukiwa na msiba, unamleta ndugu yako anayejua kushona, anakaa kwenye kiti chako, anafanya kazi ya siku, na siku inahesabiwa yako. Hakuna anayeuliza sura. Kinachoandikwa ni namba. Mtindo huo umewaokoa wanawake wengi, na usiudharau kama hujawahi kuwa na mtoto mwenye homa na bosi mwenye saa mkononi.

Watu wa afya walipokuja kupima, Msimamizi aliwapa orodha ya karakana, namba na majina, wakabandika namba kwenye vichupa vyao, wakatundika pazia kwenye stoo ya vitambaa. Siku moja kabla walitoa somo. Mama Kola alilisikiliza kwa sikio moja, huku sikio la pili likiwa limeshakataa. Tangu azae mtoto wa mwisho hakuna binadamu, mbali na mumewe, aliyemwona utupu, na hakuwa na nia ya kumvulia nguo binti wa umri wa mwanawe aliyeshika kijiti chenye pamba. Kesho yake akaumwa jino. Akashika shavu, akamtuma mke wa mwanawe akamkalie kiti.

"Na wakiniita kule ndani, Mama?" aliuliza yule mwanamke.

"Ingia. Ni mambo madogo. Wewe si ndiye kiti?"

Akaingia.

*

Mke wa mwanawe alikuwa akiitwa Mama Pacha kwa sababu ya watoto wake wawili pacha wa miaka minne waliokuwa wakiipindua nyumba juu chini kila siku. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mpole kwa watu, mkali kwa vumbi. Alianza kushuku siku ya pili.

"Mama," alisema Jumanne jioni, wamekaa sebuleni wanakunja nguo zilizoanuliwa. "Jana umenichotea maji. Leo umenipakulia nyama mbili, na wewe hukubakiza. Kama mnataka kunirudisha kwetu, niambieni tu nikusanye vitu vyangu."

"Akurudishe nani? Na nani abaki na hawa majambazi wawili? Mimi? Sina nguvu hizo."

"Basi kuna nini?"

Mama Kola alikuwa amejiandaa. Tangu asubuhi, kila kola aliyoigeuza alikuwa akigeuza na maneno. Lakini maneno yaliyoandaliwa yana tabia ya kukimbia pale mtu anapokutazama usoni, na yeye alichoweza ni kutoa bahasha kifuani na kuiweka juu ya rundo la nguo.

Mama Pacha alisoma. Aliisoma mara ya pili midomo ikicheza.

"Pole, Mama. Pole sana. Tutaenda wote, usi..." Akakatika. Akaitazama namba iliyoandikwa juu ya karatasi. "Mimi?"

"Wewe, mwanangu."

Alichukua kaptura ya mtoto, akaikunja. Akaikunjua, akaikunja tena. Nje wale pacha walikuwa wanagombania tairi la baiskeli.

"Nitakufa?"

"Barua imesema si saratani. Imesema kirusi. Kule kwenye somo walisema wengi tunakipata, na wengi mwili unakifukuza wenyewe. Kinachokaa ndicho kinachotafutwa, kitolewe mapema kabla hakijageuka kitu kingine."

"Wewe hukulisikiliza somo, Mama. Uliniambia mwenyewe walikuwa wanapiga domo."

"Nilisikiliza zaidi ya nilivyokuambia."

Kisha yule mwanamke akafanya jambo ambalo Mama Kola hakulitarajia: akapangusa uso kwa kaptura ya mtoto, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Basi, Mama, liache hivi hivi. Jina ni lako, namba ni yako. Alhamisi nitakukalia tena. Nitaingia, nitatibiwa, nitatoka. Mume wangu hatajua, majirani hawatajua. Unajua wanavyosema. Wanasema ni ugonjwa wa wahuni."

Na hapo, wewe unayesoma, usijifanye mtakatifu. Njia ilikuwa nyeupe. Mama Kola asingehitaji kusimama mbele ya mtu yeyote na kusema alidanganya. Heshima yake ya miaka kumi na tisa ingebaki imenyooka kama imetoka kwenye pasi. Aliifikiria njia hiyo, na aliifikiria sana, maana chozi lilikuwa limeshamfika jichoni na lingerudi ndani kama angesema ndiyo.

"Na mwakani?" aliuliza.

"Mwakani nini?"

"Mwakani wakitaka kuangalia kama kimeisha, watamtafuta nani? Watamtafuta bibi wa miaka hamsini na minne. Faili lako litakuwa liko wapi? Hutakuwa na faili. Utakuwa mtu asiyewahi kuumwa, hadi siku utakayozidiwa." Akaichukua barua, akaikunja vizuri. "Mimi tangu nianze kazi sijawahi kutoa kola yangu ikabandikwa namba ya mtu mwingine. Sitaanza kwako. Tutakwenda kwa jina lako, na nitasema nilichofanya."

"Utaaibika, Mama."

"Niaibike. Nimejitakia mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Mwanawe, fundi wa friji, aliingia na sanduku la vifaa, akawatazama mama na mke, akaona macho yao.

"Kafa nani?"

Walimweleza. Yaani Mama Kola alieleza, Mama Pacha akatazama sakafu. Fundi alisikiliza akiwa amesimama, sanduku bado mkononi, na ilipofika kwenye neno kirusi akakunja uso.

"Kinatoka wapi?"

"Kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Chumbani."

"Chumbani kwa nani? Mimi sijawahi kuumwa."

"Friji nayo haijui kama inavuja gesi," alisema mama yake. "Mwanamume anakibeba bila dalili. Kinaweza kukaa miaka na miaka."

"Basi nataka kujua." Akamgeukia mkewe. "Kabla yangu ulikuwa na nani?"

Mama Pacha aliivuta ile kaptura mapajani. Na Mama Kola, ambaye kwa siku mbili alikuwa amenywea kama kitambaa kilichorowa, akasimama.

"Vizuri sana. Tuulizane. Na wewe kabla yake ulikuwa na nani? Utahesabu mwenyewe au nihesabu mimi? Maana kuta za nyumba hii ni nyembamba, na mimi miaka ile nilikuwa silali."

"Mama!"

"Unaona haya sasa? Mwenzio umemuuliza bila haya. Hapa hatutafuti mwizi, tunatafuta dawa. Mke wako anaumwa kwa sababu ana mwili, basi. Imejulikana kwa bahati, kwa uongo wangu mimi. Kama nisingedanganya, leo angekuwa anafua kaptura na kirusi kiko kazini. Kama unataka kumchukia mtu, nipo."

Fundi aliweka sanduku chini. Alikaa juu yake, kama anavyofanya akikutana na mashine asiyoielewa. Baada ya muda aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameitumia tangu alipokuwa mtoto, kama hiyo dawa inauma.

*

Alhamisi walikwenda watatu. Fundi alibeba sanduku lake na kusema yuko njiani tu, ana kazi upande huo. Alipofika mlangoni mwa kituo cha afya kazi ya upande huo ikapotea, akaketi kwenye benchi la nje kati ya wajawazito wawili, magoti yamebana, kofia mkononi.

Ndani, dirishani, alikaa karani wa kike aliyechomeka kalamu kwenye nywele. Nyuma ya Mama Kola kulikuwa na foleni ya watu ishirini na zaidi, wamebanana hadi unasikia mwenzako anavyotafuna.

"Barua."

Mama Kola akaipitisha.

"Wewe ndiye?"

"Barua ni yangu. Aliyepimwa ni huyu."

Karani aliinua macho. Wako watu ambao Mungu aliwapa sauti ya sokoni akawaweka ofisini. "Sijakuelewa. Kwa hiyo huyu si wewe, na wewe si huyu?"

Foleni ikacheka. Mtu mmoja nyuma akasema wazee wa siku hizi wana mambo. Mama Pacha akamshika mama mkwe wake kwenye kiwiko, akimvuta kidogo, kama kusema twende tu, Mama, twende nyumbani.

Mama Kola hakwenda. Alijinyoosha, mabega nyuma, shingo juu, na kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la nje akasema:

"Aliyepimwa ni huyu. Mwenye namba ni mimi. Aliyeogopa kupimwa akamtuma mtoto wa watu ni mimi. Andika hivyo hivyo, usipunguze. Halafu mfungulie huyu faili lake, kwa jina lake."

Hakuna aliyecheka tena. Karani alichomoa kalamu kwenye nywele, akachukua faili jipya, akamuuliza Mama Pacha jina na umri, safari hii kwa sauti ya kawaida. Huko nje fundi wa friji alikuwa amesikia kila neno. Wajawazito wale wawili walisema baadaye kwamba yule mwanamume aliinamisha kichwa, wakadhani analia, lakini alipokiinua alikuwa anatabasamu, akawaambia, bila kuulizwa, "Yule ni mama yangu."

Nesi wa chumba cha uchunguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani mikubwa na mikono iliyopashwa joto kwa maji kabla ya kumgusa mtu. Alimruhusu Mama Kola aingie, akae upande wa kichwa. Alieleza kila kitu kabla hajakifanya. Alipaka siki, ileile siki tunayotia kwenye kachumbari, akasubiri dakika moja, akatazama kwa taa.

"Naona sehemu ndogo imegeuka nyeupe," alisema. "Iko pembeni, naiona yote. Haijawa saratani. Ni mabadiliko ambayo tukiyaacha, baada ya miaka yanaweza kuwa saratani. Hatutayaacha. Nitayachoma kwa kifaa chenye ncha ya moto, chini ya dakika moja, leo hii. Utasikia kama tumbo la siku zako."

"Leo?" aliuliza Mama Pacha.

"Ungependa tuitengenezee sherehe kwanza?"

Mama Pacha alicheka na kulia kwa pamoja. Mama Kola alimshika mkono. Kuchoma kwenyewe kulikuwa kufupi kuliko kupiga pindo la shati.

Baadaye nesi alitoa masharti: majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, hilo ni la kawaida; akiona homa au damu nyingi, arudi mbio; wiki sita mume asimkaribie; mwakani aje apimwe tena.

"Wiki sita," alirudia Mama Kola. "Nitatandika mkeka mlangoni kwao."

"Mama, jamani," alisema mkwe wake, akajifunika uso.

Nesi hakucheka. Alikuwa anamtazama Mama Kola juu ya miwani. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Umepimwa lini?"

"Mimi mjane. Mume wangu ana miaka kumi na mmoja kaburini. Nipimwe nini?"

"Kirusi hakina habari za msiba. Kinaweza kukaa kimya miaka ishirini. Uliolewa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Watoto?"

"Sita."

"Na katika maisha yako yote umewahi kupimwa huku?"

"Nimewahi kupimwa gauni la harusi."

"Basi hao wote walioanza mapema, wakazaa mara nyingi, na hawajawahi kuchunguzwa, ndio ninaowataka kuliko wote. Ndio tunaowapata wakiwa wamechelewa." Akavua glovu. "Na nikuulize jambo jingine. Siku ile tulipokuja kwenu, mlikaliana viti wangapi?"

Hadi hapo Mama Kola alikuwa amejiona mwenyewe tu, na dhambi yake moja. Sasa akaanza kuikumbuka siku ile kwa maneno aliyoyasikia baadaye kwenye chai: nani alikuwa kijijini, nani alikuwa na mgeni, nani ghafla alikuwa na jino kama lake.

"Maana," alisema nesi taratibu, "yuko mtu amepewa barua ya salama ambayo si yake. Huyo ndiye anayeninyima usingizi."

Alimwambia aje Alhamisi inayofuata apimwe. Mama Kola akasema sawa, Alhamisi, kwa wepesi wa mtu aliyefurahi kupewa wiki nzima ya kuogopa.

*

Ijumaa saa nne, wanawake thelathini na wanane wakiwa na vikombe mkononi, alisimama karibu na meza ya pasi.

"Dakika tatu," alisema Msimamizi. "Kuna oda."

Alisema yote. Hakutia chumvi na hakupunguza. Alisema jino halikuwa linauma. Alisema aliogopa kuvua nguo. Alisema mke wa mwanawe alikutwa na kirusi kwenye barua yenye namba kumi na nne, na kwamba ametibiwa na yuko nyumbani anapumzika. "Kama kuna mwenzangu aliyekaliwa kiti siku ile," alimalizia, "barua aliyonayo si yake. Aende. Asiitegemee."

Halafu Mama Vifungo akaangua kicheko.

"Yaani Mama Kola! Huyu huyu wa kola zisizokunjika! Kumbe aliogopa pamba?"

Karakana yote ikacheka. Mama Kola aliwaacha wacheke. Alikuwa ameshavuka dirisha la yule karani, na hiki kilikuwa kicheko cha watu anaowajua. Kilichomuumiza kilikuja baadaye. Msimamizi aliweka kikombe chini, uso umevimba kwa hasira.

"Mmenifanya mjinga mbele ya wageni. Orodha yangu, sahihi yangu. Sasa nisikilizeni. Kuanzia leo hakuna kukalia kiti. Hakuna. Asiyekuja hajaja."

Kicheko kilikatika kama uzi. Wanawake thelathini na wanane walimgeukia Mama Kola kwa pamoja, na macho yale hayakuwa ya utani. Kila mmoja alikuwa anamfikiria mtoto wake mwenye pumu, au mama yake asiyejiweza.

"Umeridhika?" mmoja alimwambia akipita. "Ungejisemea huko huko hospitali. Hapa ulikuja kutafuta sifa."

Jumatatu alikuta kikasha chake cha bobini, vile vigurudumu vya uzi wa mashine, kimehamishiwa chini ya dirisha, mbali na wenzake. Jumanne hakuna aliyemwekea chai. Mama Vifungo, ambaye walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka tisa, aligeuza kiti chake kikampa mgongo. Mama Kola alijikaza. Alishona kola arobaini kwa siku kama kawaida, zote zimenyooka, akarudi nyumbani, akamwambia Mama Pacha kwamba kazini ni kuzuri. Mama Pacha alimtazama, akampakulia nyama mbili.

*

Alhamisi asubuhi aliamka na jino linauma.

Nasema kweli, lilimuuma. Woga una akili nyingi. Alikaa kitandani ameshika shavu, akajitukana, akavaa, akaondoka peke yake. Mwanawe alitaka kumsindikiza, akamwambia kuna friji zinavuja mjini, aende akazizibe.

Alipoingia kwenye ukumbi wa kituo cha afya alidhani macho yanamdanganya. Kwenye benchi lililo mbele ya chumba cha nesi walikuwa wamekaa wanawake sita, wamepanga magoti, kila mmoja anatazama upande wake kama hajawahi kumwona mwenzake duniani. Msichana wa pasi hakuwepo, hajafika umri. Lakini Mama Pindo alikuwepo. Yule aliyemwambia alikuja kutafuta sifa alikuwepo. Na mwisho kabisa, karibu na mlango, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi, alikuwepo Mama Vifungo.

"Nimemleta mgonjwa," alisema Mama Vifungo haraka, kabla hajaulizwa.

"Yuko wapi?"

"Hajafika."

Mtu mmoja akaguna. Mama Kola akakaa. Benchi lilikuwa dogo, ikabidi wasogeane, na kusogeana kukawalazimisha kutazamana.

"Msimamizi anajua?" aliuliza.

"Tulimwambia leo viti sita vitakuwa vitupu," alisema Mama Pindo. "Saba na chako. Alipiga kelele sana. Halafu akauliza kituo kinafunga saa ngapi, na kama kinapokea mtu bila barua. Tukamwambia kinapokea. Akasema basi, akaingia ofisini akafunga mlango."

Mama Vifungo alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake, anasokota na kusokotoa.

"Mimi nilimtuma mdogo wangu," alisema mwishowe, akiiambia sakafu. "Ile salama niliyokuwa naipunga ni yake. Na mimi nina miezi mitatu natokwa damu, siku zangu zilishakoma kitambo. Nilikuwa nimepanga kwenda hospitali. Barua ilipokuja nikajiambia, si imeandikwa salama? Nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Kila damu ikitoka naitoa, naisoma, narudi kulala." Akainua uso. "Mama Kola, niliisoma nikaiamini, na nilijua si yangu."

Mama Kola alitaka kumkumbatia na alitaka kumzaba kofi, vyote viwili kwa mkono mmoja. Mlango ulifunguliwa. Nesi alitoka, akaliona benchi lote, akavua miwani akaipangusa, akaivaa tena.

"Haya. Nani wa kwanza?"

Sita walitazama chini. Mama Kola alisimama, lakini hakwenda. Alimshika Mama Vifungo kwapani, akamwinua.

"Huyu kwanza," alisema. "Anatokwa na damu. Mimi nitafuata."

Alikaa akiwa ameshika mkoba wa mwenzake mapajani. Muda ulikwenda. Mama Pindo alimsogezea chupa ya maji, naye akanywa. Mlango ulipofunguka Mama Vifungo alitoka na karatasi ya kwenda hospitali kubwa, kesho, saa mbili, asikose. Macho yalikuwa mekundu.

"Amesema nini?"

"Hajasema ni nini. Amesema kuna kidonda, hawezi kujua bila kupima kipande cha nyama yake. Amesema ningekaa miezi mitatu mingine na ile barua, asingekuwa na la kuniambia." Alichukua mkoba wake, akabaki amesimama. "Kesho utanisindikiza?"

"Nitakuja kukuchukua nyumbani. Saa kumi na mbili na nusu uwe umevaa."

"Na kazi? Viti havikaliwi siku hizi."

"Kitakaa kitupu. Oda itangoja."

"Mwingine," aliita nesi.

Mama Kola alinyoosha gauni lake kwa viganja, akasimama wima, akapita mbele ya wenzake watano bila kuharakisha. Ndani alimtajia nesi jina lake lote, la baba na la babu, na umri wake, na watoto sita, kabla hajaulizwa hata moja. Kisha akavua viatu, akavipanga pembeni, akapanda kitandani mwenyewe.